Ubatizo wa siri haumalizi ugomvi wa wazazi



"Padri, baba yake amesafiri hadi Jumatano. Naomba mtoto abatizwe Jumapili hii, yeye asijue."

Ombi la namna hii si geni katika ofisi za parokia zetu, hasa mijini na katika maeneo ambako Wakristo na Waislamu wanaishi nyumba kwa nyumba. Wakati mwingine anayeomba ni mama Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu. Wakati mwingine ni baba Mkatoliki ambaye mkewe anasali katika kanisa la Kipentekoste. Wakati mwingine ni bibi aliyembeba mjukuu wake huku wazazi wote wawili wakiwa kazini. Maneno yanatofautiana, lakini ombi ni lile lile: mtoto abatizwe kimyakimya, mwenzetu atakuja kujua baadaye, au asijue kabisa.

Anayeomba hivyo hana nia mbaya. Anampenda mtoto wake na anaogopa asije akafa kabla ya kubatizwa. Pengine wanajumuiya wenzake wamemsema mpaka amechoka. Hata hivyo ninaamini kwamba padri anapaswa kukataa kumbatiza mtoto kwa siri, isipokuwa mtoto yuko katika hatari ya kufa. Ninaamini pia kwamba kukataa tu na kufunga daftari ni kosa kubwa vile vile. Naandika kwanza kwa mafrateri, ambao baada ya miaka michache watakaa kwenye kiti kile cha ofisi, na kisha kwa waamini wote, kwa sababu jambo hili huanza kuharibika au kutengenezeka nyumbani na jumuiyani kabla halijafika kwa paroko.

Ahadi inasema nini

Tuanze na kile ambacho Kanisa linadai, maana wengi wanakitaja bila kukijua. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na Mkristo asiye Mkatoliki, yaani Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani au mwingine aliyebatizwa kwa ubatizo halali, anahitaji ruhusa ya askofu. Anayetaka kufunga ndoa na mtu asiyebatizwa, kwa mfano Mwislamu, anahitaji zaidi ya ruhusa: anahitaji kuondolewa kizuizi, kwa sababu pasipo hivyo ndoa yenyewe ni batili (kan. 1086). Katika hali zote mbili masharti ni yale yale matatu, nayo yameandikwa katika kanuni ya 1125.

La kwanza, Mkatoliki atangaze kwamba yuko tayari kuondoa hatari za kuiacha imani yake, na aahidi kwa moyo wa kweli kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. La pili, mwenzake aelezwe ahadi hiyo kwa wakati unaofaa, ili ajue kweli mwenzake amejifunga kwa lipi. La tatu, wote wawili wafundishwe malengo na sifa za msingi za ndoa, ambazo hakuna kati yao anayeweza kuzikataa.

Tazama kwa makini nani anaahidi. Ni Mkatoliki peke yake. Haikuwa hivyo zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka hata asiye Mkatoliki aahidi kwamba watoto wote watabatizwa na kulelewa Kikatoliki tu, na kwa kawaida ahadi hizo zilitolewa kwa maandishi. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo VI alibadili jambo hilo kwa barua yake Matrimonia Mixta ya tarehe 31 Machi 1970, na Sheria ya mwaka 1983 ikafuata njia hiyo. Kanisa halikupunguza uzito wa ubatizo. Lilitambua kwamba mtu mwingine naye ana dhamiri, na kwamba kumlazimisha atie sahihi kwa jambo asiloliamini ili tu apate mke au mume ni kumfundisha uongo siku ya kwanza ya ndoa yake.

Hapo ndipo penye maneno mawili ya kuyashika. Ahadi ni ya "yote yaliyo katika uwezo wake", wala si ya matokeo. Na mwenzake lazima ajue. Sheria inayotaka mwenzake aelezwe ahadi kabla ya harusi haiwezi kufurahia ahadi hiyo hiyo itimizwe nyuma ya mgongo wake baada ya harusi.

Ridhaa ya mzazi mmoja si ruhusa ya kuficha

Wapo watakaonijibu kwa kanuni ya 868, na ni vizuri waijue. Kanuni hiyo inasema kwamba ili mtoto mchanga abatizwe kihalali, inatakiwa wazazi, au angalau mmoja wao, waridhie. Basi, wanasema, mama ameridhia, inatosha.

Haitoshi, kwa sababu kanuni hiyo hiyo inaendelea. Inataka pia pawe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu. Sasa tujiulize: mtoto aliyebatizwa wakati baba amesafiri, atalelewa vipi Mkatoliki baba akirudi? Nani atamfundisha ishara ya msalaba mezani, kama ishara hiyo ndiyo itakayofichua siri? Cheti cha ubatizo kitawekwa chini ya godoro la nani? Jina lake la ubatizo litaitwa saa ngapi? Atakwendaje mafundisho ya Komunyo ya kwanza? Ubatizo ni mlango wa kuingilia katika maisha ya Kanisa. Ubatizo wa siri unamwingiza mtoto mlangoni na kumfungia hapo hapo.

Ridhaa ya mzazi mmoja ina maana yake nzuri. Inamlinda Mkatoliki ambaye mwenzake anajua, hakubali kwa moyo, lakini hazuii. Inamlinda mama aliyeachwa peke yake na mtoto. Inamlinda baba ambaye mkewe anasema, "Hilo ni lako, mimi sina neno." Katika hali hizo hakuna kinachofichwa, na padri abatize kwa furaha. Mzazi mmoja kuridhia mbele ya mwenzake ni tofauti kabisa na mzazi mmoja kumzunguka mwenzake.

Kuna pia suala la bibi na maji ya bomba. Tunafundisha, na ni kweli, kwamba wakati wa dharura mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, kanuni hiyo ya 868 inasema abatizwe hata wazazi wasipotaka. Mafundisho haya ni kwa ajili ya hatari ya kufa. Homa ya kuota meno au hasira ya mama mkwe haihesabiki. Bibi anayembatiza mjukuu jikoni kwa sababu "baba yake hatakubali" anaacha nyuma mtoto ambaye pengine amebatizwa kweli, lakini hayumo katika daftari lolote, hana msimamizi, na hakuna anayewajibika kwa imani yake. Miaka 20 baadaye kijana huyo anapotaka kufunga ndoa, paroko anabaki kuuliza maswali ambayo bibi hayupo tena kuyajibu.

Historia imetuonya kwa uchungu. Mwaka 1858 huko Bologna, mji uliokuwa chini ya utawala wa Papa, iligundulika kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa amembatiza kwa siri mtoto wa familia ya Kiyahudi, Edgardo Mortara, alipougua akiwa mchanga, akidhani atakufa. Sheria ya dola ile haikuruhusu mtoto aliyebatizwa kulelewa na wasio Wakristo. Edgardo, akiwa na umri wa miaka 6, alichukuliwa kutoka mikononi mwa wazazi wake. Baadaye akawa padri. Lakini kilio cha wazazi wale kilisikika Ulaya na Marekani, na jeraha hilo kati ya Wayahudi na Wakatoliki halijasahaulika mpaka leo. Hali yetu si ile, hakuna dola inayokuja kuchukua mtoto. Ila somo ni moja: sakramenti iliyotolewa kwa siri ndani ya nyumba ya watu inaweza kuwa chanzo cha machozi ambayo aliyemwaga maji hakuyafikiria hata kidogo.

Ugomvi haufanani

Tunakosea pia tunapowaweka "wasio Wakatoliki" wote katika kapu moja. Anayepinga ubatizo wa mtoto ana sababu yake, na padri asiyeijua sababu hiyo atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Baba Mwislamu haoni kwamba mtoto anasubiri kupewa dini. Kwake mtoto amezaliwa tayari katika Uislamu, amesomewa adhana sikioni, pengine amefanyiwa akika siku ya saba, na kwa mapokeo yao mtoto humfuata baba. Kwa hiyo ubatizo kwake ni kumwondoa mtoto katika dini, kumritadisha, na ndugu zake watamwuliza amewezaje kuruhusu. Na pale ambapo mwanamke ndiye Mwislamu, mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu mafundisho ya kawaida ya Kiislamu yanamruhusu mwanamume kuoa mwanamke Mkristo, lakini hayamruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo. Mara nyingi yeye amekwisha kupoteza ukoo wake kwa ajili ya ndoa hiyo. Kumnyang'anya na neno juu ya mtoto ni kumwongezea msiba.

Mama Mpentekoste au Msabato ana sababu nyingine kabisa. Anamtaka mtoto awe Mkristo kama tunavyomtaka sisi. Anachokataa ni kubatiza asiyeweza bado kuungama imani kwa kinywa chake. Mbele yake hakuna haja ya kumtetea Kristo. Kuna haja ya kueleza kwa upole kwa nini Kanisa limebatiza watoto tangu zamani: kwamba neema ya Mungu hututangulia, na kwamba imani anayobatiziwa mtoto ni ya Kanisa na ya wazazi wake.

Baba Mlutheri au Mwanglikana yeye anabatiza watoto wachanga kama sisi, na ubatizo wao sisi tunautambua. Hapa ugomvi kwa kweli si juu ya ubatizo. Ni juu ya daftari gani litaandikwa jina, watoto wataonekana kwenye benchi la kanisa gani siku ya Jumapili, na babu atasema nini. Huko Kilimanjaro na Kagera, ambako Wakatoliki na Walutheri wamekaa pamoja kwa zaidi ya karne moja, ugomvi huu unafahamika vizuri: mara nyingi ni wa ukoo uliovaa kanzu ya dini.

Na ukoo una nguvu. Katika makabila yanayofuata upande wa baba watu husema mtoto ni wa baba, basi na dini ni ya baba. Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako kwa mila mtoto huhesabiwa upande wa mama, mjomba naye ana neno. Mapokeo haya yote ni ya kuheshimiwa, lakini hakuna hata moja linaloweza kuchukua nafasi ya wazazi wawili waliokula kiapo. Mtaguso, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la mwaka 1965, Dignitatis Humanae, umefundisha kwamba ni haki ya wazazi kuamua namna ya malezi ya kidini ya watoto wao. Umesema wazazi. Haukusema babu, haukusema mwenyekiti wa jumuiya, na haukusema mzazi mmoja dhidi ya mwingine.

Je, tunalegeza imani?

Najua pingamizi lililobaki, nalo ni zito. Mtu atasema: kumbe unataka roho ya mtoto isubiri mpaka wazazi wapatane? Na wasipopatana kamwe?

Kwanza niseme wazi nisichokitetea. Sitetei usemi wa siku hizi kwamba "mtoto atachagua mwenyewe akikua". Hakuna mzazi anayemwacha mtoto achague lugha ya kwanza, au kama atapewa chanjo. Mzazi Mkatoliki anayesema hivyo mara nyingi hajaheshimu uhuru wa mtoto; ameona tu njia rahisi ya kukwepa ugomvi na mwenzake. Kanisa linawataka wazazi wahakikishe watoto wanabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yao (kan. 867), na sheria ya adhabu iliyorekebishwa mwaka 2021 bado inamwadhibu mzazi Mkatoliki anayemtoa mtoto wake abatizwe au alelewe katika dini isiyo Katoliki (kan. 1367). Ahadi ni ahadi. Anayeitoa akijua moyoni kwamba hatafanya lolote, amedanganya mbele ya altare.

Lakini kuna tofauti kati ya asiyejaribu na aliyejaribu akashindwa. Mwongozo wa Kanisa juu ya uekumeni wa mwaka 1993, ukizungumzia ndoa na Wakristo wengine, unasema kwamba mzazi Mkatoliki atimize wajibu wake kwa kuheshimu uhuru wa dini na dhamiri ya mwenzake, na kwa kujali umoja na udumifu wa ndoa. Ikiwa pamoja na jitihada zake zote watoto hawakubatizwa katika Kanisa Katoliki, hapatwi na adhabu ya Kanisa. Ila wajibu wake wa kuwashirikisha watoto imani yake haukomi. Kwa maneno mengine, mlango mmoja ukifungwa, kazi bado ipo: kusali na mtoto, kumsimulia habari za Yesu, kumwonyesha kwa maisha kwamba Mkatoliki ni mtu mwema.

Na juu ya roho ya mtoto, Katekisimu inafundisha kwamba Mungu ameufungamanisha wokovu na sakramenti ya Ubatizo, lakini Yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake (KKK 1257), na kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu (KKK 1261). Fundisho hili halitupi ruhusa ya kuzembea. Linamwondolea mama ile hofu inayomsukuma kufanya kwa siri jambo ambalo angepaswa kulifanya kwa mazungumzo.

Tunao watakatifu wanaoijua nyumba ya namna hii. Timotheo, ambaye Paulo alimwita mwana wake, alikuwa na mama Myahudi aliyeamini na baba Mgiriki (Mdo 16:1), na imani aliipokea kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2Tim 1:5). Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alizaliwa Tagaste mwaka 354 na mama Mkristo, Monika, na baba mpagani, Patrisio. Hakubatizwa utotoni. Hilo halikutokana na baba yake tu. Ilikuwa pia desturi ya wakati ule kuahirisha ubatizo. Lakini alitiwa ishara ya msalaba na kuonjeshwa chumvi kama mkatekumeni, na katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba baba yake asiyeamini hakuweza kuishinda imani ambayo mama alikuwa ameipanda ndani yake. Monika hakumnyang'anya Patrisio mtoto. Aliishi imani yake wazi, akavumilia mengi. Patrisio alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake, na Augustino akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Sisemi kila nyumba itaishia hivyo. Nasema Monika alimpeleka mwanawe kwa Kristo kwa njia ndefu, na hakuna hatua hata moja ya njia hiyo aliyohitaji kuificha.

Tufanye nini basi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jambo hili unaonekana wakati wa uchumba, na hapo ndipo pa kuuziba. Katika parokia nyingi mahojiano ya wachumba wenye dini tofauti hufanyika haraka: fomu inajazwa, Mkatoliki anatia sahihi, mwenzake anatikisa kichwa, na barua inapelekwa kwa askofu. Kutikisa kichwa si kuelewa. Kijana aliyependa atatikisa kichwa kwa lolote ili apate tarehe ya harusi.

Ninapendekeza padri akae na wote wawili, tena zaidi ya mara moja, na amwombe asiye Mkatoliki aseme kwa maneno yake mwenyewe mwenzake ameahidi nini. Kisha waulizwe mambo ya kawaida kabisa. Mtoto wa kwanza akizaliwa, nani atampa jina? Ijumaa atapelekwa wapi, na Jumapili wapi? Atakwenda madrasa, mafundisho ya katekista, au kote? Wazazi wenu wamekwisha kuambiwa, na wamesema nini? Mmoja wenu akifa, watoto watalelewa na nani na katika imani gani? Swali hili la mwisho si la kutishana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo, inapoamua mtoto akae na nani, wa kuweka pia masharti juu ya dini atakayolelewa. Ni heri wawili wanaopendana wapatane sasa kuliko hakimu kuwaamulia wakiwa wamechukiana. Na kama majibu yanaonyesha kwamba hawataafikiana kamwe, padri awe na ujasiri wa kuwaambia wasubiri, hata kama ukumbi umelipiwa.

Mtoto akishazaliwa na mabishano yakaanza, padri asiwe mwoga wa kwenda nyumbani. Baba Mwislamu aliyetembelewa na paroko, wakanywa chai, akaulizwa kwa heshima anaogopa nini, ni tofauti na baba aliyeletewa habari na majirani. Asikilizwe. Aambiwe wazi mkewe aliahidi nini na kwa nini ni jambo la dhamiri yake. Ikibidi kungoja, ielezwe kwamba kungoja huko si kukataa. Maelekezo ya Roma juu ya ubatizo wa watoto ya mwaka 1980, Pastoralis Actio, yanasema hivyo hivyo: kuahirisha ni njia ya kichungaji ya kuisaidia familia, na dhamana ya malezi inaweza kutolewa pia na msimamizi, ndugu au jumuiya ya waamini. Katika muda wa kungoja mtoto asionekane kama mgeni kanisani. Kitabu cha Baraka kina ibada ya kumbariki mtoto ambaye bado hajabatizwa. Na itumike, baba akiwepo kama yuko radhi.

Muda nao ni mwalimu. Mtoto akifikisha miaka 7, Kanisa halimhesabu tena kama mchanga katika suala la ubatizo, yeye mwenyewe anaweza kuomba na kufundishwa (kan. 852). Hapo napo hatutamfundisha kuficha, lakini sauti yake ina uzito mbele ya wazazi wote wawili.

Kwenu wanajumuiya nina ombi moja. Mama aliye katika ndoa ya namna hii anabeba mzigo pande zote mbili: nyumbani anaonekana anataka kumbadili mtoto dini, jumuiyani anaonekana Mkatoliki vuguvugu. Swali la "mbona mtoto wako hajabatizwa mpaka leo?" linaloulizwa mbele ya watu ndilo linalomsukuma kwenda kwa padri na ombi la siri. Mwulizeni badala yake kama anahitaji mtu wa kumshikia mtoto wakati wa Misa. Msalieni na mumewe kwa jina, kama mnavyowasalia waume wengine. Na siku akiugua, mwende kumtazama.

Mafrateri wenzangu wa kesho altareni, Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mwenzi asiyeamini hutakaswa kwa yule anayeamini, na kwamba watoto wao ni watakatifu (1Kor 7:14). Aliandika hivyo kwa nyumba zilizogawanyika kiimani, na hakuwaambia wadanganyane ili washinde. Jifunzeni kanuni 868 na 1125 mpaka mzijue kwa moyo, pamoja na yale yanayofuata baada ya neno "ridhaa". Kisha tengeni saa mbili, mara mbili au tatu, kwa kila wachumba wa dini tofauti watakaokuja kwenu. Saa hizo ni chache kuliko zile mtakazotumia miaka kumi baadaye kupatanisha nyumba ambayo mtoto wake alibatizwa baba akiwa safarini.